Kuchagua Majina Yanayoeleweka Katika Msimbo wa Programu

Karibuni, watazamaji. Leo tutachukua fanksheni moja (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) ya lugha ya programu ya Python, inayofanya kazi vizuri lakini isiyosomeka kwa urahisi, tuibadilishie majina bila kugusa hesabu yake.

Tazameni skrini: fanksheni inaitwa hesabu, nayo inapokea d na x. Kabla ya kubadilisha chochote, isomeni yote mpaka mjue kila thamani inatoka wapi na inatumika wapi, kwa sababu asiyejua kazi ya kigeu, yaani jina linaloshikilia thamani, hawezi kukipa jina linalokistahili. Hapa tunaona kwamba d ni siku ambazo kitabu cha maktaba kimechelewa kurejeshwa, na x ni faini ya siku moja.

Wekeni kishale juu ya d, bonyezeni F2 ikiwa mnatumia kihariri cha msimbo cha Visual Studio Code, kisha andikeni siku_za_kuchelewa. Msitumie amri ya kutafuta na kubadilisha maandishi, kwani inaweza kugusa kila d iliyomo ndani ya maneno mengine. Vivyo hivyo, x iwe faini_kwa_siku, na fanksheni, kwa kuwa inatenda, ipewe kitenzi: kokotoa_faini.

Vigeu vyenye vipimo, kama vile vya muda, vinahitaji uangalifu zaidi. Katika Python, time.sleep, amri ya kusubiri, hupokea sekunde, ilhali setTimeout ya JavaScript, lugha nyingine ya programu, inayochelewesha kazi, hupokea milisekunde. Kwa hiyo kigeu kinachoitwa muda tu kinamwacha msomaji akikisia, na akikosea, programu itasubiri mara 1000 zaidi au pungufu. Andikeni muda_sekunde, hata kama jina linarefuka.

Kigeu chenye jibu la kweli au si kweli kisiitwe hali, kiitwe kimerejeshwa. Epukeni pia hakijarejeshwa, maana siku mtakapoandika not hakijarejeshwa (not ni neno la kukanusha katika Python), kila atakayepita hapo atalazimika kukanusha mara mbili kichwani kabla ya kuelewa sharti lenyewe. Kosa hili huonekana dogo, lakini kwa maoni yangu ndilo linalochosha wasomaji wa msimbo kuliko yote.

Herufi i ndani ya kitanzi (sehemu ya msimbo inayojirudia) cha mistari miwili inaweza kubaki.

Mwishoni endesheni majaribio yote, kisha hifadhini mabadiliko haya katika Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, peke yake, yasichanganywe na marekebisho ya hesabu, ili anayeyakagua aone mara moja kwamba kilichobadilika ni majina tu.