Messiaen Alikuwa Anahesabu

Tuimalize kwanza hadithi ya kambi, maana najua bila hiyo hamtanisikiliza. Ndiyo, Olivier Messiaen, mtunzi wa muziki wa Ufaransa, alikuwa mateka wa vita wa Wajerumani katika kambi ya Görlitz. Ndiyo, tarehe 15 Januari 1941 yeye na wafungwa wenzake wakapiga pale kazi yake Quatuor pour la fin du temps, yaani muziki wa wapigaji wanne kwa ajili ya mwisho wa wakati: fidla, klarineti, chelo, na mwenyewe kwenye piano. Ile hadithi kwamba chelo ilikuwa na nyuzi tatu tu ni chumvi. Étienne Pasquier aliyeipiga alisema zilikuwa nne. Basi. Tufungue noti.

Sehemu ya kwanza, tazameni piano. Kuna mizunguko miwili: mapigo 17, kila moja na urefu wake, na mafungu 29 ya noti zinazobonyezwa pamoja. Fungu la 1 linachukua urefu wa 1, hivyo hivyo mpaka la 17. La 18 je? Linarudi urefu wa 1. Mafungu yakiisha, la 1 linajikuta kwenye urefu wa 13. Kwa kuwa 17 na 29 ni namba tasa, mizunguko itaanza tena pamoja baada ya mapigo 493, na muziki unakatika mapema kabla ya hapo.

Mtu ataniuliza: hesabu tupu, roho iko wapi? Ndugu yangu, huyu alipiga ogani kanisa la Sainte-Trinité, Paris, tangu 1931 hadi alipofariki 1992! Jina la kazi kalitoa Ufunuo sura ya 10, malaika akiapa kwamba hapatakuwa na wakati tena. Mzunguko usiofika mwisho ndiyo tafsiri yake ya aya ile.

Mahali panapoharibika ni pale pale kila siku. Fidla na klarineti zinaiga ndege wa alfajiri, mpiga piano anawaonea huruma, anapunguza mwendo awasubiri. Kwishne! Mapigo 17 hayasikiki tena. Yapige makofi peke yake mpaka uyatoe bila karatasi, kisha mafungu 29 kwa urefu sawa, ndipo uunganishe.

Muda umenitupa, modi zake saba, yaani ngazi za noti alizojitungia, nazipita. Kuhusu ualimu, neno moja: alifundisha Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, tangu 1941 hadi 1978, na kati ya wanafunzi wake watunzi Boulez, Stockhausen na Xenakis hakuna aliyetoka akisikika kama mwalimu wake. Xenakis, mhandisi, alimwuliza kama aanze upya masomo ya hamonia, kanuni za kupanga sauti pamoja. Messiaen akamkatalia: wewe ni Mgiriki, umesoma hesabu na ujenzi, vitie hivyo kwenye muziki wako.