Soma Kibandiko Kabla ya Kulipa: Prosesa, Madabodi na Pawasaplai ya Kompyuta ya Kujiundia

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Leo tuna vifaa vitatu mezani: prosesa inayofanya hesabu zote, madabodi ambayo vifaa vyote huchomekwa, na pawasaplai inayogawa umeme. Nimeviweka pamoja makusudi, maana anayevichagua kimoja kimoja mara nyingi huishia kununua mara mbili. Prosesa huamua madabodi ipi itaipokea. Madabodi huamua kama prosesa hiyo itafanya kazi kwa nguvu zake zote au kwa nusu. Pawasaplai huvilisha vyote, na ikiharibika vibaya inaweza kuondoka navyo. Katika kila kimoja kuna namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi, na kuna namba ndogo iliyojificha ubavuni au kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Hiyo ndogo ndiyo nitakayoisemea leo.

Tuanze na prosesa, na kabla ya prosesa tuulize kazi. Mtu wa nyaraka, intaneti, masomo na michezo ya kawaida anatosheka na viini 6 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) vya vizazi vya miaka ya karibuni. Core i5-12400 ya Intel na Ryzen 5 7600 ya AMD wamo katika kundi hilo. Anayehariri video, anayechora 3D au anayekompaili programu kubwa ndiye anayefaidi viini 12 au 16, kwa sababu kazi zake hugawanyika vipande vipande. Mchezo wa video haugawanyiki hivyo. Wenyewe unataka viini vichache vyenye kasi, na kashe kubwa, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Ndiyo maana Ryzen 7 7800X3D, yenye viini 8 tu lakini kashe ya megabaiti 96, huzipita prosesa nyingi zenye viini vingi zaidi kwenye michezo, halafu ikaachwa mbali nazo kwenye kuhariri video.

Herufi za mwisho wa jina msizipuuze. Kwa Intel, F maana yake prosesa haina grafiki ndani. Ukiinunua bila kadi ya grafiki, kompyuta itawaka, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Watu hudanganywa na tundu la HDMI nyuma ya madabodi: tundu lipo, lakini picha inatoka kwenye prosesa, na prosesa isiyo na grafiki haina cha kutoa. Kwa AMD angalieni vizazi. Ryzen 5 5600 haina grafiki, 5600G inayo. Kuanzia kundi la 7000 za mezani, nyingi zina grafiki ndogo ya kutosha kuonyesha picha, isipokuwa zenye F. Herufi K ya Intel ni ya prosesa inayoruhusu kupandishwa kasi, na boksi lake haliji na feni. Hali kadhalika 7600X haiji na feni, ilhali 7600 isiyo na X inakuja nayo. Mtu akisahau kuweka feni kwenye bajeti, siku ya kuunda anakwama hapohapo.

Sasa wati. Boksi la Ryzen 5 7600 linasema wati 65, lakini prosesa hiyo inaruhusiwa kula hadi wati 88. Core i5-12400 nayo inasema 65, na inapokimbia hupanda hadi 117. Core i9-14900K inatajwa kwa 125, na kikomo chake cha juu ni 253. Namba ya pili ndiyo mtakayopigia hesabu ya feni, ya madabodi na ya pawasaplai. Ukinunua feni ya wati 65 kwa prosesa inayofika 117, haitaungua. Itajipunguzia kasi kila inapopata joto, na utakuwa umelipia kasi usiyoipata.

Neno moja kwa wanaonunua prosesa zilizotumika. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita inavyofaa, zikachakaa na kuanza kuzimisha programu ovyo. Mwezi Agosti mwaka huo ikatoa marekebisho kupitia BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi inayoiamsha kompyuta. Marekebisho hayo yanazuia uharibifu, hayaiponyi iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo ukiuziwa i7 au i9 ya vizazi hivyo, iwashe, iendeshe kazi nzito mbele ya muuzaji, na uhakikishe madabodi utakayoiweka ina BIOS mpya kabla ya kuitumia.

Twende kwenye madabodi. La kwanza ni soketi, yaani kiti cha prosesa, na hapa hakuna mjadala. Intel za kizazi cha 12, 13 na 14 hukaa kwenye LGA1700. Core Ultra 200S hukaa kwenye LGA1851. Ryzen za 1000 hadi 5000 ni za AM4; za 7000 kuendelea ni za AM5. Lakini soketi kulingana hakutoshi. Madabodi ya B450 (hilo ni jina la chipu yake kuu) ilianza kuuzwa mwaka 2018, Ryzen 5 5600 ikatoka 2022. Zinaingiliana vizuri kabisa, ila BIOS ya zamani haimjui mgeni huyo na kompyuta haitaonyesha chochote. Kila mtengenezaji ana ukurasa wa orodha ya prosesa kwa kila madabodi, na pembeni ya kila jina ameandika toleo la BIOS linaloanza kuikubali. Soma mstari wako, kisha muulize muuzaji toleo lililomo. Mara nyingi limebandikwa kwenye karatasi ndogo juu ya chipu au kwenye boksi.

Kama toleo ni la zamani, tafuta madabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Kazi yenyewe ni nyepesi. Unafomati flashi kwa FAT32, unaweka faili la BIOS na kulipa jina lile lile linalotajwa kwenye kitabu cha madabodi, maana jina likikosewa herufi moja halisomwi. Unachomeka kebo kubwa ya pini 24 na ile ya prosesa, unaingiza flashi kwenye tundu lenye alama yake, tena hilo tu, unabonyeza kitufe hadi taa ianze kumweta. Halafu unaacha. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na umeme ukikatika katikati unaweza kulazimika kuanza upya.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni fupi kueleza. DDR4 na DDR5 haziingiliani, pengo la katikati limewekwa mahali tofauti. AM5 inataka DDR5 tu. LGA1700 ina madabodi za aina zote mbili, hivyo soma jina zima kabla ya kununua RAM. Ukiwa na vipande viwili kwenye nafasi nne, viweke nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kuweka vinne vya DDR5 mara nyingi hushusha kasi, kwa hiyo nunua viwili vikubwa badala ya vinne vidogo. Na kasi iliyoandikwa kwenye RAM haiji yenyewe; lazima uingie BIOS uwashe mpangilio wake, unaoitwa XMP au EXPO.

Sehemu inayopuuzwa zaidi kwenye madabodi ni VRM, ile saketi inayozunguka soketi. Kazi yake ni kuchukua volti 12 kutoka pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na kitu ambayo prosesa inaitaka. Pigeni hesabu: prosesa inayokula wati 200 kwa volti 1.2 inavuta zaidi ya ampea 160. Ampea hizo zote zinapita kwenye vipande vidogo vilivyojipanga pembeni ya soketi. Kwenye madabodi ya bei ya chini vipande hivyo ni vichache na havina bati la kupozea juu yake, vinachemka, na madabodi inajiokoa kwa kuipunguzia prosesa chakula. Unaona prosesa ya gigahezi 5 inafanya kazi kwa 3, na joto la prosesa lenyewe liko chini. Mtu anabadilisha feni, anabadilisha pesti ya kupitisha joto, tatizo liko palepale. Madabodi ya H610 inatosha kabisa kwa i5-12400, lakini kuiwekea i9 ni kuitesa. Kwa i7 na i9, chagua B760 au Z790 yenye bati nene juu ya VRM. Z ndiyo inayofungua kupandisha kasi ya prosesa za K. B760 inaruhusu kupandisha RAM tu. Upande wa AMD, B650 inaruhusu vyote, A620 haikubali kupandisha kasi ya prosesa.

Kwa madabodi iliyotumika, fungua soketi uimulike kwa tochi ya simu, ukiigeuza taratibu. Pini nzima huakisi mwanga kwa mpangilio mmoja kama safu za mahindi shambani; iliyopinda hukatisha safu, na doa lake huonekana mara moja. AM5 na soketi zote za LGA zina pini kwenye madabodi. AM4 ina pini kwenye prosesa, na hatari yake ni siku ya kung'oa feni: pesti ikigandamana, prosesa hutoka pamoja nayo ikiwa bado imefungwa. Iwashe kwanza ipate joto, izime, kisha zungusha feni kushoto na kulia kabla ya kuinua.

Sasa pawasaplai, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapobana pesa.

Geuza pawasaplai utazame jedwali la ubavuni. Utaona safu za volti 3.3, 5 na 12, na chini yake ampea. Prosesa na kadi ya grafiki, yaani walaji wakubwa wawili, hula kutoka volti 12. Zidisha ampea za volti 12 kwa 12. Ikiwa mbele imeandikwa wati 600, na safu ya volti 12 inasema ampea 36, jibu ni wati 432, na huo ndio uwezo wako halisi. Zinazobaki zimehesabiwa kwenye volti 3.3 na 5 ambazo kompyuta ya leo inazitumia kidogo sana. Pawasaplai nzuri ya wati 650 itakuonyesha ampea 54 hivi, yaani karibu wati zote.

Jambo la pili la kutazama ni swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ukiiona, ujue pawasaplai hiyo ni ya muundo wa zamani, na ikiwa imeachwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye umeme wa volti 230, itapasuka saa hiyohiyo. Za kisasa hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe.

Hesabu ya wati haina ugumu. Ryzen 5 7600 chukua 88. Kadi ya RTX 4070 Super ni 220. Madabodi, RAM, SSD na feni wape 70. Jumla 378. Kwa nini basi tunanunua 600 au 650? Kwanza, kadi ya grafiki hupanda ghafla kupita namba yake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na pawasaplai dhaifu huona mpando huo kama hitilafu, ikajizima katikati ya mchezo. Kiwango cha ATX 3.0, kilichotoka 2022, kimetungwa kwa ajili ya hilo: kinataka pawasaplai za zaidi ya wati 450 zenye tundu la pini 16 la kadi ya grafiki zihimili hadi mara mbili ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100. Pili, feni yake itazunguka polepole, na kapasita zitaishi muda mrefu zaidi.

Alama ya 80 PLUS inapima kiasi cha umeme kinachopotea kama joto. Ni kipimo cha kweli, lakini hakisemi kama volti 12 zimetulia wala kama kinga zimo. Tafuta kwenye maelezo kinga za OCP (ampea kuzidi), OPP (wati kuzidi), OVP (volti kuzidi), SCP (shoti) na OTP (joto kuzidi). Inapokosekana OTP, pawasaplai haijui kama inaungua. Udhamini wa miaka 7 au 10 nao unaonyesha mtengenezaji ana imani na kapasita zake.

Naona mkono kule nyuma. Swali ni kama kebo za pawasaplai ya zamani zinaweza kutumika kwenye mpya. Hapana, hata kama zinaingia. Upande wa kifaa pini zina kanuni moja, lakini upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga inavyotaka, na wakati mwingine hupanga tofauti kati ya modeli zake yenyewe. Volti 12 zikienda mahali pa volti 5, diski zako zote zinakufa kwa mpigo mmoja. Vivyo hivyo msilazimishe kebo ya kadi ya grafiki kwenye tundu la prosesa: zote zina pini 8, ila ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2. Kadi yenye matundu mawili ipewe kebo mbili, kila moja kivyake. Na kiunganishi kipya cha pini 16 kisukumwe hadi kisionekane pengo, wala kisipindwe karibu na tundu; kikilegea, mgusano hupata joto na plastiki huyeyuka.

Wenye UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, angalieni wati na si VA. Yenye VA 650 mara nyingi hubeba chini ya wati 400.

Siku ya kuunda, jaribu nje ya kasha kwanza. Weka madabodi juu ya boksi lake la karatasi, na prosesa, feni yake, kipande kimoja cha RAM, kebo ya pini 24 na ya prosesa. Gusanisha pini mbili za swichi ya kuwashia kwa bisibisi. Kwenye AM5 skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza wakati RAM inapimwa, hivyo subiri robo saa bila kuzima. Baada ya hapo tazama taa ndogo za hitilafu: ikibaki CPU, anza na kebo ya prosesa kisha toleo la BIOS, ikibaki DRAM, ng'oa RAM na uikandamize tena hadi kishikizo kilie. Ikifanya kazi nje na kufa ndani ya kasha, hesabu vijiguzo vya skrubu chini ya madabodi. Kimoja kilichokaa pasipo na tundu hupiga shoti kwa nyuma.