Tuliacha simu juu, tukashuka mita 90

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Niko Blaenavon, kusini mwa Wales, na huu upepo mtauvumilia, tuko mlimani. Gurudumu mnaloliona nyuma yangu ndilo lililoshusha na kupandisha wachimbaji wa Big Pit, mgodi wa makaa ya mawe. Tumetoka huko chini sasa hivi, mimi, mume wangu, wifi na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Mbeya. Picha za chini sina hata moja, kwa hiyo leo mtanisikiliza tu.

Kabla ya kushuka wanakusanya simu, saa, viberiti na chochote chenye betri. Makaa ya mawe hutoa methani, na gesi hiyo ikikutana na cheche inalipuka. Halafu unavishwa helmeti yenye taa na mkanda wenye betri yake, pamoja na kifaa cha kukusaidia kupumua hewa ikichafuka. Kilo 5 hivi zinakuning'inia kiunoni. Mama alifungwa mkanda wake juu ya kitenge, akanishika mkono, tukaingia kwenye kizimba cha chuma. Mita 90 kwenda chini, maji yakidondoka ukutani.

Aliyetuongoza ni mzee aliyechimba makaa kwa mikono yake. Mgodi ulifungwa mwaka 1980, ukafunguliwa kwa wageni 1983, na wachimbaji wakawa ndio wanaosimulia. Mimi hapo ndipo nilipoguswa. Anakwambia "hapa unainama", na mgongo wake umeshainama kabla hajamaliza kusema.

Tukafika kwenye mlango wa mbao. Milango ile ilifungwa muda wote ili hewa safi isipotee njiani, ifike kule wanakochimba. Sasa behewa likija, nani afungue? Katika migodi ya mabonde haya, aliwekwa mtoto. Anakaa nyuma ya mlango zamu nzima, mara nyingi gizani, kwa sababu mshumaa ni gharama ya familia yake. Mzee akatuambia tuzime taa. Jamani, lile si giza la umeme kukatika. Unaweka kiganja mbele ya pua, hukioni. Nikamsikia mama akisema taratibu, "Mtoto wa nani huyo, jamani?" Sheria ya mwaka 1842 ilikataza wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Aliyetimiza 10 aliruhusiwa kushuka.

Kuna na mazizi. Farasi waliovuta mabehewa waliishi humo humo, na majina yao bado yako kwenye vibao juu ya kila zizi. Nilitafuta kwa macho majina ya wale watoto wa milangoni. Sikuona.

Sasa nije kwetu. Baba yangu mdogo alifanya kazi Kiwira, mgodi wa makaa ya mawe pia, na chini ya ardhi vilevile. Nimekua namwona akikohoa jioni, akipenda kukaa nje hata mvua ikinyesha, na sikuwahi kumuuliza kitu. Tulipotoka kizimbani nikampigia hapo hapo. Nikamwambia baba, nimeshuka mgodini leo. Akanyamaza kidogo. Swali lake la kwanza: "Walikupa kifaa cha kupumulia?" Nikamjibu ndiyo, nimevaa kiunoni. Akasema, "Haya, vizuri," halafu akaanza kusimulia, dakika arobaini nzima, majina ya wenzake wa zamu mmoja mmoja, nani alikaa wapi, nani alikuwa akiimba.

Wenye wazee waliofanya kazi Kiwira, niandikieni kwenye maoni hapa chini, majina yao tafadhali. Jumapili nampigia tena baba, na safari hii nitamrekodi, ameshakubali.