Samli Ilivyolila Jina Langu

Assalaam alaykum. Mama zangu, dada zangu, na wale vijana wawili wa kiume waliojibanza karibu na mlango, sogeeni mbele, hapa hatuli mtu.

Nimeitwa kuzungumza juu ya lebo na vifungashio vya kutengeneza kwa mikono, kwa sisi tunaooka majumbani. Walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi, na naona mmoja ameshacheka. Cheka. Nitaanzia kwenye samli.

Nilipoanza kuuza vileja nilikuwa na mifuko ya kaki na muhuri niliouchonga mwenyewe: jina katikati, kichala cha karafuu pembeni. Nikapata oda ya harusi Dar es Salaam, pakiti arubaini, ziende kwa boti. Vileja mnavijua, unga wa mchele, sukari, iliki, na samli isiyotiwa kwa uchoyo. Nikavitia hivyo hivyo ndani ya kaki, nikafunga, nikalala nimeridhika. Samli haikulala. Usiku kucha ilitambaa kwenye karatasi, na joto la safarini likaisaidia. Mifuko ilipofika ilikuwa inaonyesha kama chandarua, na pale palipokuwa na jina langu pana doa jeusi lenye umbo la kiatu. Wageni wakala, wakasifu, wakauliza vimetoka kwa nani. Mama mmoja aliyekuwa akipitisha sinia, naye ni muokaji, akatabasamu tu, hakusema ndiyo wala siyo. Mpaka leo mtaa ule unaagiza kwake. Mwanzo nilimnunia, lakini nimlaumu kwa lipi? Mfuko wangu wenyewe ulikuwa bubu.

Kwa hiyo kabla hujanunua utepe, kabla hujatafuta rangi, chukua karatasi unayoitaka, weka kileja kimoja juu yake, funika kwa kawa, nenda kalale. Asubuhi kiinue. Ukikuta duara la mafuta, karatasi hiyo haiwezi kubeba jina lako peke yake. Ndani tanguliza karatasi ya kuokea, ile isiyopitisha mafuta, kaki ikae nje, na muhuri upigwe nje ya kaki, wino usikutane na chakula. Na vipoe kwanza! Kileja cha moto kikifungiwa kinatoa jasho, karatasi inalowa, na kile ulichosifiwa kwa kumung'unyika mdomoni kinakuwa ugali.

Kuna anayesema moyoni, mbona wazee walifunga kwa gazeti na hawakufa. Wazee wa wazee walifunga kwa jani la mgomba, na jani halina wino. Mimi nimewahi kula andazi lililochapwa matokeo ya mpira, na timu yenyewe ilikuwa imefungwa.

Mwingine ataniambia, "Bibi, mimi sijui kuchora." Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Umekaa mbele yangu umejitanda kanga unaniambia hujui kupanga lebo! Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Lebo ni hiyo hiyo, ikate ndogo. Halafu angalia ukingoni mwa kanga za K.H.E., kampuni ya Mombasa: "Mali ya Abdulla". Mama yangu alikuwa hatoi pesa mpaka ayaone maneno hayo, pindo lipendeze vipi. Ni herufi ndogo, hazina madoido, na hazibadiliki kila msimu. Nyinyi mwezi huu muhuri ni waridi, mwezi ujao ni kikombe cha kahawa, Ramadhani ikiingia mnaweka mwezi na nyota kama kila mtu. Mteja atakujulia wapi?

Muhuri wenyewe chonga kwenye soli ya kandambili kuukuu iliyooshwa vizuri. Kiazi ni kizuri kwa watoto wa skuli, kinatoa maji na kesho kimeoza. Andika jina kwa penseli laini kwenye karatasi, igeuze kifudifudi juu ya soli, sugua kwa kijiko. Herufi zitajigeuza zenyewe. Ukiandika moja kwa moja kwenye soli utajiumbua. A, M na O zinasitiri, lakini N na S hazina siri. Mimi nilipiga mifuko ishirini kabla mwanangu hajaniuliza hii ni lugha gani.

Kamba. Najua Jambiani na Paje mnasuka usumba mzuri, ule wa makumbi ya nazi, na mimi ninaupenda. Lakini usumba unavua nyuzi, na unyuzi mmoja mwekundu ukikutwa juu ya kileja, mteja hasemi ni usumba, anasema ni unywele. Tumieni ukindu. Uloweke, ufunge ukiwa mbichi, ukikauka unashika.

Naambiwa zimebaki dakika tano, basi mengine nayakimbiza. Tarehe ya kuoka iandikwe kwa kalamu kila siku, msiichonge kwenye muhuri (mmoja wenu aliichonga, simtaji). Viungo viandikwe vyote, hasa maziwa, mayai na karanga, maana kuna watu vinawadhuru. Mifuko ya plastiki ya kubebea huku Zanzibar imekatazwa tangu 2006, na Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo msinivizie mlangoni kuniuliza kama inaruhusiwa kidogo. Anayetaka kuingiza dukani aende kwanza kwa Wakala wa Chakula na Dawa, muhuri wa kandambili hautoshi. Bei ya mfuko na ya ukindu itiwe kwenye bei ya kileja, na saa zako za kuchonga pia, hilo nilitaka kulieleza kwa hesabu lakini ndiyo hivyo.

Kandambili ziko kwenye kapu lile. Nyembe ni kumi na mbili tu, mpokezane, na msikatie mapajani.