Kanuni za mitihani zimebadilika, wewe uko kundi gani?

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani, leo ni zamu ya watu wa masters ya uchumi na biashara. Najua wengi mmepata ile imeili ya kwamba kanuni mpya za mitihani zinaanza muhula ujao, mkafungua PDF, mkaona ni ndefu, mkafunga.

BARAKA: Mkahamia kwenye grupu la WhatsApp kuuliza "jamani hii inatuhusu?" Na mtu mmoja kajibu "haituhusu sisi wa zamani" bila kusoma chochote, na watu wote wameenda kulala kwa amani.

ZUHURA: Ila swali lenyewe ni zuri bana. Ndo swali la kwanza kabisa kuliko yote. Watu wanakimbilia kuangalia kozi gani imefutwa, gani imeongezwa, wakati kifungu cha maana kiko kule mwisho mwisho, kile cha mpito. Kinasema nani anabaki na kanuni za zamani, mpaka lini, na nani anahamishwa apende asipende.

BARAKA: Hiyo "mpaka lini" dada, rudia.

ZUHURA: Mpaka lini! Maana kubaki kwenye kanuni za zamani sio haki ya milele. Chuo kinasema tu kozi za zamani zitaendelea kutahiniwa kwa mihula kadhaa, ikiisha basi. Sasa wewe uliahirisha mwaka, au una sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya ekonometriki, ile kozi ya takwimu za uchumi, unaisogeza sogeza, siku unaenda kujisajili unakuta mtihani wenyewe haupo tena kwenye ratiba na umeshaingizwa kanuni mpya.

BARAKA: Alafu mtu anasema chuo kimemuonea.

ZUHURA: Wakati mwingine kweli kimemuonea, sitetei. Kuna vyuo vinatangaza mabadiliko wiki mbili kabla ya usajili, hiyo sio haki hata kidogo. Ila tarehe zikishaandikwa, ofisi ya mitihani haina huruma.

BARAKA: Kabla hatujaenda mbali, mi nataka watu waelewe kwanini hizi kanuni zinabadilishwa badilishwa, hasa huku kwetu biashara. Mtu anadhani kuna profesa ameamka vibaya. Shule nyingi za biashara zinatafuta ithibati, mfano ya AACSB, lile shirika linalothibitisha ubora wa shule za biashara, wale wapo tangu 1916, na wanataka ushahidi kwamba mwanafunzi kweli ameiva kwenye kile mlichoahidi kwenye programu. Sio kwamba amefaulu tu, hapana, ameiva. Kwaiyo zile alama za kazi ya kikundi ambazo watu sita wanapata 78 wote na aliyefanya ni mmoja...

ZUHURA: Tunamjua huyo mmoja.

BARAKA: ...hizo zinaanza kubanwa. Kanuni mpya utakuta zimeandika mchango wa kila mtu lazima uonekane, au kila mtu anaulizwa peke yake baada ya prezentesheni. Na mi naunga mkono kabisa.

ZUHURA: Na akili mnemba imeongezea. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, ile "nenda nyumbani kaandike insha ya kurasa kumi na tano" haina uzito ule tena, kwaiyo vyuo vingi vimeweka fomu ya kutamka umetumia nini na wapi, na vingine vimejipa ruhusa ya kukuita umuelezee mwalimu kazi yako kwa mdomo. Hicho kifungu kisomeni vizuri. Kukutumia meseji uje uongee ni kitu kimoja, kukufutia alama kwa sababu umeongea vibaya ni kitu kingine, na kanuni nzuri inatenganisha hivyo viwili.

BARAKA: Haya tuje kwenye krediti maana hapo ndo kelele zilipo.

ZUHURA: Sawa. Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi. Ulaya wanatumia zile za ECTS, mfumo wao wa pamoja, mwaka mmoja wa kusoma ni krediti 60, masters ya miaka miwili ni 120, na krediti moja inahesabiwa ni saa 25 mpaka 30 za kazi, kwenye darasa na ukiwa mwenyewe. Uingereza wana zao, masters ya mwaka mmoja ni 180 kwa hesabu yao, mbili zao ni sawa na moja ya ECTS. Sasa tuseme kwa ECTS, kozi ya maikro, yaani uchumi mdogo, ilikuwa krediti 8 imeshushwa 6, maana yake kwenye karatasi umepunguziwa saa 50 mpaka 60 za kazi.

BARAKA: Kwenye karatasi.

ZUHURA: Nenda kaangalie silabasi sasa! Slaidi zile zile, mada zile zile, mtihani ule ule. Umepunguziwa krediti tu, kazi iko palepale, na zile krediti mbili zilizobaki unatakiwa ukazitafute kwenye kozi nyingine. Hilo wawakilishi wa wanafunzi walipaswa kulipigia kelele kwenye kamati, badala yake wote tunapigia kelele tasnifu.

BARAKA: Mi ni mmoja wao, nilipigia kelele tasnifu. Wameshusha kutoka krediti 30 mpaka 24, na mi najua tasnifu ndo itanibeba!

ZUHURA: Tupige hesabu basi. Jumla 120. Tuseme kwenye kozi una wastani wa 60, na tasnifu unapata 80. Kanuni za zamani tasnifu ni robo, unatoka na 65. Mpya tasnifu ni moja ya tano, unatoka na 64. Umepoteza alama moja kaka.

BARAKA: Moja tu?

ZUHURA: Moja. Kama uko pale kwenye mpaka wa daraja, sawa, inauma. Ila angalia kitu kingine ambacho hukukisoma, ukurasa wa mbele yake tu: kanuni mpya inakuruhusu kozi mbaya zenye krediti 12 zisihesabiwe kwenye wastani wa mwisho. Tuseme ni zile zile za zamani, krediti 90 za kozi, na kwenye 78 una wastani wa 62, ila hizo 12 uliboronga ukapata 45. Ukihesabu zote una 59.7. Ukiziondoa una 62. Hiyo ni zaidi ya alama mbili kwenye kozi, na hakuna aliyeiongelea kwenye grupu.

BARAKA: Kwasababu haikuwa kwenye kichwa cha habari.

ZUHURA: Ndo hivyo. Ila subiri, vyuo vingi ukifeli kabisa kozi ya lazima hiyo ruhusa haikuokoi, unatakiwa uifaulu kwanza ndo uombe isihesabiwe. Usije ukaacha kusoma ukasema Zuhura kasema.

BARAKA: Twende kwenye kudisko sasa, yaani kufukuzwa masomo kwa kufeli. Mi naona idadi ya majaribio ndo kitu kinachoamua maisha ya mtu, hizo wastani ni mapambo. Kwenye uchumi kuna kozi mbili hivi zinachinja watu kila mwaka, ekonometriki na maikro ya juu, na kanuni mpya ikikupa majaribio mawili badala ya matatu hapo mchezo umebadilika kabisa.

ZUHURA: Na nchi zinatofautiana sana. Ujerumani ukimaliza majaribio yako kwenye somo la lazima unahesabika umefeli moja kwa moja, na kwa kawaida programu hiyo hiyo huwezi kwenda kuianza upya kwenye chuo kingine cha hukohuko. Uingereza mara nyingi ukirudia unapewa ila alama inafungiwa pale pale pa kufaulia, ambapo kwa masters ni 50, hata ukipata 90 unaandikiwa 50.

BARAKA: Hiyo ya 90 kuandikwa 50 inauma kuliko kufeli. Sasa nikuulize, nimefeli ekonometriki mara moja kwenye kanuni za zamani. Nahamia mpya. Naanza upya sifuri?

ZUHURA: Hapa ndo watu wanapotea. Wengi wanahama wakidhani wanafuta historia. Angalia lile jedwali la ulinganisho wa kozi, linaloonyesha kozi ipi ya zamani ni sawa na ipi mpya. Kama ekonometriki ya zamani imeandikwa ni sawa na ya mpya, basi kufeli kwako kunahama na wewe, una jaribio moja limeshaliwa. Kama haina mwenzake kwenye jedwali, hapo unaweza kuwa umepona. Na kama ya zamani imegawanywa kuwa mbili, hapo sasa uliza kwa maandishi, kwasababu hata wao mara nyingi hawajafikiria.

BARAKA: Na nikishahama nikaona mbaya, narudi?

ZUHURA: Hurudi. Vyuo vingi ombi la kuhama halifutiki, ukishasaini umeenda. Kwaiyo kabla hujasaini chukua transkripti yako, kaa na jedwali, andika kila kozi uliyofaulu inaingia wapi, ile isiyo na pa kuingia ijue mapema, alafu hesabu wastani wako pande zote mbili. Ni kazi ya jioni moja.

BARAKA: Mi naongezea kwa wale wanaoenda muhula wa kubadilishana nje. Mlisaini makubaliano ya kozi kwa majina na krediti za zamani. Mkirudi kozi zile kwenu zimeshabadilishwa krediti, mtu kaja na 6 huku wanahitaji 8, anaambiwa atafute mbili. Na tasnifu nayo, ukute zamani ulikuwa unaruhusiwa kuisajili ukiwa na krediti 60, sasa wanataka 75, na matokeo yako ya nje yanachelewa miezi kufika, kwaiyo unakaa tu unasubiri na ada inasoma.

ZUHURA: Hao wapate barua mpya ya kutambuliwa kozi kabla hawajasafiri, sio wakirudi. Na wanaorudia mitihani kwa ugonjwa, angalieni siku za kuleta cheti cha daktari, hapo ndo wanapenda kubana kimya kimya, zamani siku tano sasa tatu, na usipoleta inahesabika umejaribu ukafeli.

BARAKA: Na jedwali lenyewe likiwa na makosa? Maana nimeona moja kozi ya fedha za kampuni imelinganishwa na masoko.

ZUHURA: Unaandikia kamati ya mitihani, sio mwalimu wa kozi, yeye hana mamlaka hayo. Na wakikujibu vibaya kuna rufaa, muda wake umeandikwa humo humo na huwa ni mfupi, kwaiyo usikae nayo hiyo barua. Simu usipige, maana yule aliyekujibu "usijali itakuwa sawa" akihama ofisi huna ushahidi.

BARAKA: Haya, wenye majedwali ya ajabu tutumieni, futeni majina kwanza. Wiki ijayo tunaongelea kudifendi tasnifu mbele ya paneli ambayo haijaisoma.