Muscat hadi Sur kwa njia ya jangwani

Assalaam alaikum jamani, wa Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na kokote mnakonitazama. Leo siwaonyeshi maduka ya Muscat. Tunakwenda Sur, mji wa bandari hapa Oman, na barabara ya pwani tumeiacha makusudi. Tunapita ya ndani, ya Sharqiya, yaani upande wa mashariki, kwa sababu huku ndiko walikotoka wengi wa wale waliovuka bahari kuja kwetu.

Hapa ni Ibra, kama kilomita 170 kutoka Muscat. Leo Jumatano, siku ya soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, waume zetu wanasubiri nje. Ndani nilizima kamera kwa kuwastahi, kwa hiyo nawasimulia tu: vitambaa, udi, wanja, hina. Nikauliza bei ya ubani kwa Kiarabu changu, bibi mmoja akanitazama, akasema, "Sema Kiswahili tu mwanangu. Wa wapi wewe?" Kazaliwa Ng'ambo, Unguja! Alikuja huku baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Akanikalisha mkekani, akaniulizia mtaa mmoja mmoja, nani yupo, nani kahama. Ubani kanipa, pesa kakataa katakata.

Sasa tuko Mudayrib. Mji mdogo, minara ya ulinzi juu ya vilima, maji ya falaji, mfereji wa kienyeji wa kumwagilia, yanapita katikati. Hebu sogeeni muuone mlango huu. Mbao nzito, miimo imechongwa maua, mfaa umesimama katikati. Aliyekulia Mji Mkongwe haambiwi kitu hapa. Majumba kama haya waliyajenga matajiri wa biashara ya Afrika Mashariki, enzi za Sayyid Said aliyehamishia makao yake Unguja. Mali ilitokana na karafuu, pembe za ndovu, na watu waliouzwa. Naupenda mlango huu, lakini siwezi kuusifia bila kumtaja aliyechuma karafuu zile bila ujira. Wote wawili ni wetu, mwenye nyumba na mchumaji.

Bidiya, ukingoni mwa jangwa la mchanga, tumejaza mafuta na kupunguza upepo kwenye matairi. Tairi likilegea linatanuka, linaukanyaga mchanga bila kuzama. Usiingie humu bila gari linalovuta magurudumu yote manne, na usiingie peke yako: mchanga huu unakwenda kama kilomita 180 kaskazini hadi kusini. Mbele zaidi, mji wa Ja'alan Bani Bu Ali, kuna msikiti wa kuba 52. Tumeswali adhuhuri, tukaendelea.

Na hii ndiyo Sur. Jahazi hili ni Fath al-Khair, liliundwa hapa hapa 1951. Majahazi ya Sur yalishuka kwetu na kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko ya Rufiji na Lamu, maana nchi hii mbao za kuezekea ilizipata wapi? Mafundi wa Sur bado wanaunda vyombo vya mbao, kesho nitakuwa nao karakanani.

Basi nawaomba hili: kama nyumbani kuna mzee anayeyakumbuka majahazi ya Sur bandarini Malindi, Unguja, au Mombasa, mrekodini sauti wiki hii hii. Nitumieni, niwasikilizishe mafundi hawa.