Do Inahama: mazungumzo na wanakwaya

Ndugu wanakwaya, karatasi mliyoshika mmeizoea: d, r, m, f, s, l, t, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Juu kushoto pameandikwa "Do ni G", na wengi wetu tunaruka maneno hayo. Tunangoja mwalimu aguse kinanda, basi. Leo tuanzie hapo hapo.

"Do ni G" maana yake leo do inakaa kwenye noti ya kinanda iitwayo G. Do haina makao ya kudumu. Ukiipandisha, wenzake wote wanapanda nayo, na umbali kati yao haubadiliki. Mpangilio huo ndio skeli. Ila hatua zake hazilingani: do hadi re nzima, re hadi mi nzima, mi hadi fa nusu. Mbele huko, ti hadi do ya juu, nusu tena. Kwaya inayoimba bila kinanda ikianza kushuka sauti, mimi huwa natega sikio kwenye mi na ti kwanza.

Do ya chini na do ya juu zimeachana kwa oktavu. Noti A ya kinanda, ile ya kupimia ala, ina mitetemo 440 kwa sekunde. A ya juu yake ina 880. Mara mbili kamili, ndiyo maana baba na mtoto wakiimba wimbo mmoja, sikio halioni ugomvi.

Tuje kwenye alama. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari wa wima hutangulia pigo zito, kistari kinasema endelea kushika. Sauti ya nne, kistari si ruhusa ya kupumua! Na msichanganye mapigo na mwendo. Wimbo wa mapigo matatu unabaki wa mapigo matatu hata mkiukimbiza.

Herufi hizi zina asili yake Norwich, Uingereza, kwa mwalimu Sarah Glover. Mchungaji John Curwen akaziendeleza karne ya 19 ili mtu asiye na ala naye asome muziki. Wamisionari wakatuletea.

Lakini msidhani nusu hatua ndiyo mwisho wa hesabu. Wapiga taarabu wa Unguja wana maqam, yaani skeli ya Kiarabu, iitwayo bayati, na noti yake ya pili imekaa katikati, juu ya nusu na chini ya nzima. Kinanda cha kawaida hakina kitufe chake. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anageuza kijiti kidogo pembeni mwa nyuzi, noti inapatikana.

Haya, simameni. Do ni G. Sauti ya tatu, tupeni mi, na msiiache ilale.